Kinyozi Aliyepoteza Uso wa Kaka Yake

Watu wa mtaa wa nyuma ya stesheni ya Jecheon, Korea Kusini, walijua kwamba kinyozi Tak Yungil hana haraka na upande wa kushoto. Upande wa kulia aliumaliza kwa dakika tano, mkasi unalia kama panzi. Lakini akifika kushoto, nyuma ya sikio, mwendo ulikufa. Aliinama, akachungulia, akakata unywele mmoja, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, ndipo akakata wa pili. Wateja wageni walidhani mzee haoni vizuri. Wazoefu, kama Ku Dalho fundi baiskeli, walifumba macho wakasinzia palepale kitini.

"Wee Tak," Dalho humwambia, "nimekuja kunyolewa mimi, sikuja kutafutiwa chawa."

Yungil huendelea kukata. Alikuwa na miaka sitini na tisa, kiti kimoja cha chuma, kioo kimoja kilichoanza kuliwa na kutu pembeni, na chumba kimoja nyuma ya duka, alimolala peke yake tangu mkewe afariki. Sakafu ya chumba hicho bado ilipashwa moto kutoka chini kwa makaa, kama zamani, na pale juu ya mdomo wa jiko karatasi iliyotandikwa sakafuni ilikuwa imeungua rangi ya chai. Hapo ndipo lilipokaa bakuli la shaba lenye kifuniko, limevikwa blanketi kama mtoto mchanga. Kila asubuhi alipika wali akalijaza bakuli hilo kwanza, kabla hajajipakulia. Kila jioni aliula yeye wali huo, umeshagandamana. Kesho yake akajaza mwingine.

Bakuli lilikuwa la kaka yake, Yunsop. Yunsop aliondoka nyumbani mwezi wa saba mwaka elfu moja mia tisa hamsini, vita vya Korea vikiwa vichanga, na hakurudi kula.

Na habari ya upande wa kushoto ilianzia siku hiyohiyo.

Jeshi la Kaskazini lilikuwa limeushika mji kwa wiki ya tatu. Kipaza sauti kikatangaza kwamba vijana wote wakusanyike uwanja wa shule ifikapo saa sita mchana, vichwa vimenyolewa, waingizwe jeshini. Yunsop alikuwa na miaka kumi na tisa. Yungil alikuwa na kumi na mitano, na kwa kuwa alikuwa amefagia nywele kwenye duka la kinyozi kwa miezi minne, alijiona bingwa. Akaazima mashine ya mkono. Kaka yake akaketi uani juu ya mtungi wa kimchi, kabichi ya kuchachushwa, uliopinduliwa, shati amevua, naye Yungil akasimama nyuma yake. Mama yao alikuwa jikoni anafunga wali kwenye kitambaa, na walisikia jinsi alivyokuwa akivuta kamasi.

Mashine ile ilikuwa butu. Haikukata, iling'oa. Yunsop alikuwa anapandisha mabega kila ikimuuma. Yungil aliuona utosi wake kwa karibu kuliko siku zote: nywele zimezunguka mara mbili, mzunguko mmoja unakwenda kulia, wa pili kushoto, kama maji yanayoingia kwenye matundu mawili. Mama alikuwa akimtania kwamba mwenye mizunguko miwili ataoa mara mbili. Akamaliza kulia, akamaliza katikati, akaanza kushoto. Ndipo mtu wa Kaskazini, kitambaa chekundu kimefungwa mkononi, akaingia langoni na kusema muda umekwisha.

Yunsop akainuka. Akapapasa kisogo, akacheka kidogo.

"Umenijengea ngazi huku nyuma," alisema. Kisha akageuka, akamtazama mdogo wake usoni. "Ziache hivyohivyo. Nikirudi utazisawazisha."

Huo ndio uso aliobaki nao Yungil. Mgeuko mmoja, jua la karibu saa sita, uani.

Vita vilikwisha, mpaka ukachorwa kati ya Kaskazini na Kusini, na mtu yeyote aliyekuwa upande wa pili akawa kama doa kwenye nguo za waliobaki. Yungil alipoomba kazi ya reli alifaulu mtihani, lakini jina lake likakatwa. Hakuna aliyemwambia sababu, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Akafungua duka la kunyoa. Mpelelezi wa polisi akawa mteja wake, si kwa kupenda. Kila baada ya wiki mbili alikuja, akaketi, akalaza kichwa nyuma, akauliza kama barua imefika kutoka Kaskazini. Hebu fikiria: wembe uko mkononi mwa Yungil, koo ni la yule bwana, na anayetetemeka ni mwenye wembe.

Siku moja, mwaka wa sitini na moja, mpelelezi alielekeza kidevu chenye povu kwenye picha ukutani. Ilikuwa picha waliyopigwa wale ndugu wawili studio, Yunsop amesimama ameweka mkono begani kwa Yungil.

"Huyo mkubwa ni nani?" aliuliza.

Yungil alisema ni binamu, alikufa. Mpelelezi akasema aha. Akajifuta povu, akaenda zake.

Mke wa Yungil alikuwa na mimba ya binti yao, Myonghwa, wakati huo. Asubuhi ya pili, mama yake alipokwenda sokoni kununua figili, Yungil aliitoa picha kwenye fremu, akachukua mkasi wake wa kazi na kumkata kaka yake, taratibu, kwa mstari ulionyooka kabisa, maana mkono ulishajua kazi. Nusu ya Yunsop akaitia jikoni. Karatasi ilijikunja, uso ukawa mweusi kuanzia kidevuni. Kwenye nusu iliyobaki yumo Yungil peke yake, na begani kwake vidole vinne visivyo na mwenyewe.

Mama aliporudi aliiona fremu.  Kwa siku tatu alipika na kufua kama kawaida. Siku ya nne, akiwa anafunika bakuli la wali kwa blanketi kama ilivyokuwa desturi yake, alimwita.

"Sasa picha yake ni wewe," alimwambia. "Uso wake umebaki kichwani mwako, basi. Siku ukiupoteza utakuwa umemuua wewe, si vita."

Mama huyo alifariki mwaka wa themanini na moja. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba bakuli lisipoe.

Kwa hiyo Yungil aliuweka uso. Aliuweka kama mtu anavyobeba maji viganjani, bila kukimbia, bila kutikisika. Kila usiku kabla ya usingizi aliupitia: paji, nyusi, pua, mdomo uliocheka kidogo. Miaka ikaenda. Paji likaanza kufifia, akalishika. Sikio moja likapotea. Lakini uso kwa jumla ulikuwepo, hata kama ulikuwa umechakaa.

Halafu ikaja filamu.

Ilikuwa Februari mwaka elfu mbili na nne, na nchi nzima ilikuwa inaizungumzia. Filamu ya vita, ndugu wawili, waezekaji wa vigae, mmoja anachukuliwa na Kaskazini, mwingine anaingia jeshi la Kusini. Madereva wa teksi waliisimulia, wanafunzi waliiona mara tatu. Myonghwa, binti yake, aliyekuwa mpishi wa shule upande wa pili wa mji, alinunua tikiti mbili akaja nazo dukani na aproni bado kiunoni. Yungil alimwambia yeye vita aliviona bure, halipi kuviona tena. Myonghwa akasema tikiti hazirudishwi. Wakaenda.

Ukumbi ulijaa. Mwanzoni Yungil alikuwa anakosoa moyoni: vigae havibebwi vile, na hakuna aliyekuwa na viatu vizuri namna ile. Kisha yule kaka mkubwa, kijana bado, kigae kikamwangukia, kikamchana juu ya nyusi ya kushoto. Mdogo wake akambana kidonda kwa kiganja, damu ikapita vidoleni. Na mwishoni kabisa, juu ya mlima, kwenye theluji, mdogo mwenye sare ya Kusini anamlenga adui bunduki. Ukungu unapita. Anaona kovu. Kovu jeupe juu ya nyusi, basi, si kingine, na bunduki inashuka. Kaka anageuka polepole. Uso wake unajaza ukumbi mzima, ukubwa wa nyumba, kila kinyweleo kinaonekana, machozi yanasimama lakini hayadondoki.

Watu walilia. Wasichana waliovaa sare za shule walikuwa wanapitishiana karatasi za kufutia machozi kwenye safu nzima. Myonghwa alilia mpaka kwikwi. Naye Yungil alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yake, na wakati huo alidhani analia kwa faida yake. Maana usiku ule, alipolala na kuupitia uso kama kawaida, ulikuja wenyewe, mzima, mng'avu, masikio yote mawili. Alilala akitabasamu.

Mwezi wa tano simu ikalia dukani. Ilikuwa ofisi inayotafuta jamaa waliotengana. Jina lake, lililokuwa limengoja miaka kwenye orodha ndefu, lilikuwa limechaguliwa na kompyuta. Si kwamba atakwenda kukutana na mtu, mwanamke wa simuni alimweleza taratibu. Ni kwamba habari za kaka yake zitapelekwa Kaskazini, wamtafute. Watajibu moja kati ya matatu: yu hai, amekufa, au haikuwezekana kuthibitisha. Wamemtumia fomu, airudishe mapema.

Yungil aliijaza fomu juu ya meza ya vitana. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, majina ya wazazi. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya alama ya kumtambulisha anayetafutwa. Hakufikiri hata kidogo. Aliandika: *kovu juu ya nyusi ya kushoto.* Akabandika stempu, akaenda posta kwa miguu, na njiani alijikuta anapiga mluzi.

Myonghwa alikuwa na mawazo yake. Kila mwaka alikuwa anaomba jambo moja: baba akubali kumwandalia Baba Mkubwa chakula cha wafu siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda ya zamani ya mwezi mwandamo, ile siku ya marehemu ambao hakuna anayejua walikufa lini. Kama amekufa, alikuwa anasema, basi ana njaa ya miaka yote hii, na sisi tunamwekea wali chini ya blanketi kama mtu atakayerudi na treni ya jioni. Kila mwaka Yungil alikataa. Mwaka huu akasema tungoje jibu. Basi Myonghwa akaja na jambo jingine, dogo. Kwa Pyo mpiga picha sasa kuna kompyuta. Unamwelezea mtu, anamchora. Kama watakutanishwa, si vizuri baba awe na picha mkononi?

Walikwenda mwezi wa sita. Pyo alikuwa kijana mnene mchangamfu, mtaalamu wa kuwavisha suti, kwa kompyuta, marehemu waliopigwa picha wakiwa na fulana. Akamweka Yungil pembeni yake mbele ya skrini, akaanza. Uso mrefu au wa mviringo? Nyusi nene? Pua? Yungil alijibu bila kusita hata mara moja, na Pyo alikuwa anamsifu, akasema wazee wengi huja hapa wakasahau hata umbo la macho ya wake zao. Nusu saa haikwisha, uso ukawa umekamilika. Pyo akaongeza kovu. Akaegemea kiti, akautazama, akainamisha kichwa huku na huku.

"Mzee," alisema, "usikasirike. Lakini huyu si yule wa kwenye sinema?"

Myonghwa alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alimwona baba yake.

Yungil alikuwa ameinuka nusu, mikono imeshika ukingo wa meza. Alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake. Alirudi uani, akaukuta mtungi, akaikuta mashine butu, akalikuta jua. Akamngoja kaka yake ageuke. Na kaka akageuka, akamtazama kwa uso wa mwigizaji, na machozi yamesimama.

"Kaka hakuwa na kovu," alisema kwa sauti ndogo. "Myonghwa. Hakuwahi kuwa na kovu lolote."

Kesho yake duka halikufunguliwa. Yungil alipanda treni ya kwanza kwenda Seoul na kusimama mbele ya dirisha la ofisi ile kabla halijafunguliwa. Karani, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya pole, alimsikiliza mpaka mwisho. Orodha ilikuwa imeshavuka mpaka kwenda Kaskazini siku kumi zilizopita. Alimwambia huko hutafuta zaidi kwa jina na mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo asijitese. Yungil akauliza kama anajua hivyo kwa hakika. Karani akasema hapana, kwa hakika hakuna anayejua.

Kuanzia hapo alianza kuhangaika kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Alijitazama kwenye kioo cha duka, akafunika nusu ya uso wake kwa taulo, akitafuta kaka ndani yake. Lakini yeye alifanana na wajomba, Yunsop alichukua kwa baba. Alipozipaka povu nyuso za wateja alizikagua: labda pua hii, labda taya lile. Kila alipodhani amepata kipande, kovu lilijitokeza juu yake kama mwenye nyumba anayechungulia dirishani. Bango la filamu lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa stesheni, na Yungil alianza kuzunguka njia ndefu ya sokoni ili asilione. Haikusaidia. Hakuwa tena anahitaji bango.

Akamuuliza Dalho. Dalho alikuwa na miaka minane mwaka Yunsop alioondoka, na walikaa nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Unamkumbuka kaka yangu?"

"Namkumbuka vizuri sana," Dalho alisema akiwa chini ya shuka ya kunyolea. "Alinipa peremende ya mchele. Aliivunja kwenye jiwe, akanipa kipande kikubwa."

"Uso wake."

Dalho akafikiri. Alifikiri kweli, uso ukakunjamana. Mwisho akasema anakumbuka mkono, na ile peremende ilivyokuwa na vumbi la jiwe. Uso ulikuwa juu sana, na yeye alikuwa anatazama peremende. Yungil akamwonyesha karatasi ya Pyo. Dalho akakohoa.

"Huyu hapana. Kaka yako angekuwa mzuri namna hii, dada zangu wangekuwa wananisimulia mpaka leo."

Ilikuwa mzaha, na Dalho aliutoa kwa huruma. Lakini Yungil aliweka mkasi chini, akaingia chumba cha nyuma, akamwacha amenyolewa upande mmoja. Dalho alingoja, kisha akavaa kofia akaenda zake.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Bahasha nyembamba. Yungil alimngojea Myonghwa aje aifungue. Ilikuwa karatasi moja, na neno lililokuwa muhimu lilikaa kwenye mstari mmoja: *haikuwezekana kuthibitisha.*

Si hai, si maiti. Myonghwa alimweleza kwamba wengi hujibiwa hivyo, wengi sana, hata wenye picha na barua. Yungil alikuwa anatikisa kichwa kukubali, lakini alikuwa anamwona mzee mmoja wa miaka sabini na mitatu mahali fulani huko Kaskazini, ameitwa ofisini. Mtu anamsogelea, anamtazama juu ya nyusi ya kushoto, hapana kitu. Anaambiwa si wewe, rudi nyumbani. Mzee anavaa kofia, anarudi nyumbani. Picha hiyo ilimjia mara nyingi kwa siku, na ajabu yake, uso wa mzee yule hakuweza kuuona hata kidogo. Aliona kofia tu, na mgongo.

Akaacha kula sawasawa. Wali wa bakuli la shaba aliendelea kuujaza, ila jioni hakuumaliza. Septemba ikaisha. Siku moja Myonghwa alikuja kumfulia, akamkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, ametazama ukuta, na akamwambia bila kuzungushazungusha:

"Baba, mwache ale. Akila na wewe utakula."

Yungil alisema vyema. Neno hilo tu. Myonghwa alikuwa ameliomba miaka ishirini, na alipolipata hakufurahi.

Siku ya tisa ya mwezi wa tisa iliangukia Ijumaa ya Oktoba yenye jua jeupe. Myonghwa aliomba ruhusa shuleni, akapika toka alfajiri. Meza ikapangwa chumba cha nyuma, samaki mkavu, supu ya nyama na figili, pea zilizokatwa utosi, tende nyekundu, pombe ya mchele. Jina la Yunsop likaandikwa kwa wino kwenye kipande cha karatasi, likasimamishwa nyuma ya vyakula, tayari kuchomwa mwishoni kama ilivyo kawaida. Dalho alikuja amevaa koti lake la harusi, kwa maana alisema mtu aliyekula peremende ya mwenzake hana budi kuinama. Bakuli la shaba likatolewa chini ya blanketi, likawekwa mezani kwa mara ya kwanza.

Yungil akamimina pombe. Akainama mara mbili, paji mpaka sakafuni. Kisha ikafika zamu ya kijiko. Kijiko hukaa pembeni ya bakuli la aliye hai. Kwa aliyekufa husimikwa wima katikati ya wali, ale. Myonghwa alifunua kifuniko, mvuke ukapanda. Akampa baba yake kijiko kwa mikono miwili.

Yungil akakisimika. Kilizama kwa urahisi. Wakaigeuzia meza mgongo na kuinamisha vichwa, kumpa marehemu faragha ya kula, kama adabu inavyotaka. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Yungil alifumba macho, akamwambia kaka yake moyoni: njoo basi, umechelewa sana, njoo ule.

Akaja. Alivua viatu mlangoni, akaketi mbele ya meza, akashika kijiko. Alikuwa kijana mzuri, mwenye sare safi, machozi yamesimama, na kovu jeupe juu ya nyusi ya kushoto. Akafungua kinywa kuula wali wa Yunsop.

Yungil akageuka kabla ya wakati. Myonghwa alimshika kiwiko, akamnong'oneza bado, Baba, hajamaliza. Hakusikia. Alikwenda kwa magoti mpaka kwenye meza, akakichomoa kijiko, akakifuta kwa mkono wa shati lake jeupe, akalifunika bakuli. Kifuniko kiligonga mdomo wa bakuli mara tatu kabla hakijakaa.

"Baba," Myonghwa alisema, na sasa alikuwa analia. "Ameshaitwa. Ameshakuja kula."

"Aliyekuja ana kovu," Yungil alisema. "Wangu hajafika."

Akalirudisha bakuli pale palipoungua rangi ya chai, akalivika blanketi, akakaa kando yake ameliwekea kiganja juu.  Karatasi yenye jina haikuchomwa. Myonghwa alingoja, mwisho akaikunja mara mbili na kuitia chini ya blanketi. Dalho aliinama mbele ya meza isiyo na wali, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na koti lile.

Jumatatu yake Dalho aliingia dukani kwa zamu yake ya mwezi na kumkuta Yungil ameinama juu ya meza ya vitana na kalamu. Ilikuwa fomu mpya. Ofisi ilikuwa imemwambia anaweza kuijaza tena, jina lirudi kwenye orodha ndefu pamoja na mengine yote, na kompyuta ichague inapotaka. Mara ya kwanza kompyuta ilichukua miaka kumchagua. Miaka mingine kama hiyo hakuwa nayo, na wote wawili walijua.

Dalho akavaa miwani, akasoma kutoka juu ya bega lake. Kwenye nafasi ya chini palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda: *Utosini nywele zinazunguka mara mbili, kulia na kushoto. Nyuma ya sikio la kushoto hazijasawazishwa, zina ngazi. Nilizikata mimi.*

Dalho alisoma mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa mzaha maisha yake yote na alitafuta mzaha, akaukosa.

"Mwenzangu," alisema taratibu, "miaka hamsini na minne. Zile nywele zilishaota upya siku nyingi. Au zimekwisha zote."

"Najua," Yungil akasema, akiramba gundi ya bahasha. "Mimi ni kinyozi."